Anayeruka Kitini Bado Hajaogopa

"Haitishi." Siku hizi hiyo ndiyo hukumu inayotolewa kwa karibu kila filamu ya kutisha isiyokuwa na pupa. Mtu katoka kutazama Hereditary, The Witch au His House, akiulizwa ilikuwaje anasonya: haitishi, saa nzima watu wanaongea tu, zimwi lenyewe hulioni mpaka mwisho, na mwisho wenyewe haueleweki. Aliye karibu anaitikia kwa kichwa, na filamu imeshazikwa. Kisha inatajwa ile inayostahili sifa: ukumbi mzima uliruka, bisi zikamwagika, msichana wa safu ya nyuma akapiga yowe. Hiyo, tunaambiwa, ndiyo filamu ya kutisha.

Naipinga hukumu hiyo, na zaidi nakipinga kipimo kilichoizaa. Kimeenea kiasi kwamba hata watu wanaojua kuchambua riwaya na tamthilia kwa makini, wakifika kwenye filamu za kutisha wanahesabu tu wameruka mara ngapi. Wanafunzi wetu hufundishwa taharuki tangu sekondari. Wanaeleza vizuri jinsi mwandishi anavyomshika msomaji asiweze kukiweka kitabu chini. Wakitoka darasani wakawasha televisheni, somo lote linabaki kwenye daftari.

Tuanze na huko kuruka. Mlango ukibamizwa na upepo, mtoto mchanga aliyelala hutupa mikono juu kabla hata hajafumbua macho. Hajui mlango, hajui upepo, hajui hatari. Mwili wake umejibu, basi. Ndicho kinachotokea pale filamu inapokaa kimya kidogo, kisha sura inachomoza ghafla pamoja na mshindo uliopandishwa sauti kuliko kitu kingine chochote kwenye filamu nzima. Umeruka, sikatai. Lakini zima sauti, urudishe nyuma, ulitazame onyesho lilelile kwa utulivu. Mara nyingi utakuta paka, au rafiki aliyekuja kumgusa mwenzake begani. Aliyekurusha ni fundi sauti. Hadithi haikuhusika. Na ukiirudia filamu hiyo wiki ijayo, utakuwa unajua mshindo uko wapi, nayo itakuwa imekwisha kazi. Kitu kinachokufa kwa kutazamwa mara moja hakiwezi kuwa ndicho kipimo cha sanaa hii.

Hofu ni kitu kingine kabisa, kwa sababu hofu inahitaji kujua. Alfred Hitchcock alilieleza jambo hili katika mazungumzo yake ya mwaka 1962 na mwongozaji wa Kifaransa François Truffaut, yaliyokuja kuwa kitabu. Watu wamekaa mezani wanapiga soga, mara bomu lililokuwa chini ya meza linalipuka: mtazamaji ameshtuka kwa sekunde 15. Sasa chukua soga ileile na meza ileile, ila mtazamaji ameonyeshwa mapema kwamba bomu lipo na litalipuka saa saba kamili, na saa ya ukutani inasoma saa saba kasoro robo. Hapo umempa taharuki ya dakika 15. Soga ambayo ingemchosha sasa haivumiliki. Anataka kupaza sauti awaambie wale watu waache upuuzi wao, wainuke, watoke.

Ndiyo maana lalamiko la "watu wanaongea tu" linanishangaza kuliko yote. Wanaongea, ndiyo, lakini swali ni kitu gani kiko chini ya meza. Katika Hereditary, filamu ya Ari Aster ya mwaka 2018, kuna onyesho la chakula cha usiku. Mama, anayeigizwa na Toni Collette, baba, na kijana wao wamekaa mezani. Kwenye familia hiyo kumetokea msiba ambao kijana anajilaumu kwa ajili yake, na mama anamlaumu, na hakuna aliyethubutu kulitamka hilo. Vijiko vinagonga sahani. Kijana anamuuliza mama kama ana neno la kusema. Kisha mama anasema, na akishaanza hawezi kuacha, na uso wake unapita kwenye hasira, aibu na majonzi ndani ya pumzi moja. Hakuna pepo mezani pale, taa hazizimiki, hakuna anayetokea mlangoni. Sijui onyesho la kuogofya kuliko lile katika filamu za miaka ya karibuni, kwa sababu kila aliyewahi kuishi kwenye nyumba yenye jambo lisilosemwa anajua kwamba likishasemwa halirudi. Mtu aliyelipita onyesho hilo akisubiri kurushwa hakuitazama filamu. Alikuwa anangoja filamu nyingine.

Lalamiko la pili ni kwamba zimwi halionekani. Anayelalamika hivyo hudhani mwongozaji amebania, au hakuwa na fedha. Wakati mwingine kweli fedha au mitambo ndiyo chanzo, na ni bahati yetu. Steven Spielberg alipopiga Jaws mwaka 1974 kwenye kisiwa cha Martha's Vineyard huko Marekani, alitengenezewa papa wa mitambo, na mitambo hiyo ikawa inaharibika kila mara ndani ya maji ya chumvi. Kazi iliyopangiwa siku 55 ikachukua siku 159. Papa asipofanya kazi, filamu itaendeleaje? Akaipiga bila papa. Kwa zaidi ya saa nzima ya filamu ile iliyotoka mwaka 1975, papa hujamwona sawasawa. Unachokiona ni athari zake.

Tazama onyesho la wanaume wawili wanaokwenda usiku kumtega papa kwa pande la nyama. Wamefunga mnyororo kwenye gati la mbao. Papa anachukua nyama, mnyororo unakazika, na ncha nzima ya gati inang'oka na kuvutwa baharini pamoja na mmoja wa wale wanaume. Yule bwana anaanza kuogelea kurudi ufukweni. Na sasa ule ubao, ambao ulikuwa unakwenda zake kuelekea bahari kuu, unasimama. Unageuka polepole. Unaanza kurudi. Ni ubao tu juu ya maji meusi, na mwenzake aliye nchi kavu anamhimiza aogelee bila kugeuka nyuma. Kama pale angeonyeshwa papa wa mpira na meno yake, tungemtathmini: huyu wa bandia, huyu kakaa vizuri. Ubao hauna cha kutathminiwa. Unachokijua ni kwamba kuna kitu kinauvuta, na kwamba kimegeuka.

Aliyezoea kusema "wangemwonyesha mapema" aitazame pia Alien ya Ridley Scott ya mwaka 1979. Ndani ya lile vazi la zimwi alikuwamo kijana Mnigeria, Bolaji Badejo, mwanafunzi wa sanaa jijini London, mwenye urefu uliozidi mita 2 na viungo vyembamba visivyo vya kawaida. Hakuwahi kuigiza kabla, wala hakuigiza filamu nyingine baadaye. Watengenezaji walikuwa na mwili wa ajabu namna hiyo mikononi mwao, na katika filamu ya karibu saa mbili wakauonyesha kwa dakika chache tu: mkono hapa, taya pale, kivuli kinachojikunjua kutoka kwenye mabomba. Huko hakukuwa kubania. Walijua kwamba zimwi likishasimama kwenye mwanga, mtazamaji huanza kulipima urefu, na akishaweza kulipima ameanza kulizoea.

Wengine husema mambo haya hayauziki. The Blair Witch Project ya mwaka 1999 iligharimu fedha kidogo mno, mchawi wake haonekani hata kwa sekunde moja, na iliingiza karibu dola milioni 250 duniani kote. Hoja hiyo iishie hapo.

Lakini nataka nikae zaidi kwenye filamu moja ya zamani, kwa kuwa inawahusu moja kwa moja wapenzi wa kurushwa. Mwaka 1942, mtayarishaji Val Lewton na mwongozaji Jacques Tourneur walitoa Cat People. Irena ni mwanamke anayeamini kwamba akipandwa na wivu atageuka chui. Mumewe ana rafiki wa kazini, Alice. Usiku mmoja Alice anatembea peke yake kando ya ukuta wa bustani kubwa ya New York, na Irena anamfuata. Hakuna muziki. Tunasikia visigino tu: vya Alice, kisha vya Irena, kwa mwendo tofauti kidogo. Taa za barabarani zinaacha mabaka ya mwanga, na kila mmoja anaingia kwenye mwanga na kutoka, anaingia na kutoka. Kisha visigino vya nyuma vinakoma.

Hilo ndilo tukio la kutisha katika filamu ile: sauti iliyokoma. Alice anasimama, anageuka, barabara ni tupu. Anaongeza hatua. Anaanza kukimbia. Na hapohapo, kwa mlio mkali unaofanana kabisa na wa paka anayefoka, basi la abiria linaingia mbele yake na kufunga breki. Ukumbi wa mwaka 1942 uliruka, na watengenezaji wa filamu wakaipa mbinu hiyo jina la basi lile. Mrusho wanaousifu leo unahesabiwa kuwa ulizaliwa pale, kwenye filamu isiyokuwa na haraka, baada ya mwendo mrefu wa kimya uliopangwa hatua kwa hatua. Walioiga baadaye walilichukua basi wakaiacha barabara. Ndiyo maana nasema wanaodai mirusho zaidi wanaiharibu hata hiyo mirusho.

Sichukii mshtuko uliolipiwa. Katika The Exorcist III ya mwaka 1990, William Peter Blatty aliisimamisha kamera mwisho wa korido ya hospitali usiku na kuiacha palepale. Nesi anakagua vyumba, mlinzi anapita, nesi anakaa, anainuka, anafungua mlango, anaufunga. Muda mrefu unapita bila jambo lolote. Kinachotokea baadaye kinachukua chini ya sekunde mbili, na walioiona wengi hawajakisahau mpaka leo. Wakikisimulia huanza na ile korido.

Sasa kuna hoja ninayoiheshimu kuliko hizo zote. Watu husema: hizo ni hofu za Wazungu, sisi hazitugusi, afadhali basi tupate makelele kuliko kukaa kimya kwa mambo yasiyo yetu. Mwenye hoja hii ana haki ya kujibiwa kwa uzito, na jibu ni kwamba hakuna watu duniani wanaoijua hofu ya kisichoonekana kuliko watu wa pwani hii na bara lake.

Mwaka 1995 kisiwani Pemba, na kisha Unguja, kulizuka hofu ya popobawa, shetani aliyesemwa kuwavamia watu majumbani usiku. Watu wazima wenye akili timamu, wavuvi na walimu na wafanyabiashara, waliacha vitanda vyao wakalala nje kwa makundi, wamekoka moto, wanakesha. Sura yake hakuna aliyeweza kuieleza ikakubaliwa na wote. Au rudi nyuma zaidi kwenye uvumi wa mumiani, wanyonya damu. Enzi za mkoloni, Nairobi na Kampala, watu waliwakwepa wazimamoto usiku, kwa uvumi kwamba wale wenye gari jekundu hukamata watu na kukinga damu yao. Ni gari la kawaida la serikali na dereva mwenye sare. Hofu haikuhitaji pembe wala meno. Ilikaa ndani ya kitu ambacho watu walikiona kila siku mchana kweupe. Ule ubao wa Jaws na lile basi la Cat People vinafanya kazi hiyohiyo. Bibi aliyekaa na wajukuu gizani, baada ya paukwa na pakawa, hakuwa na spika wala kompyuta. Alishusha sauti, akanyamaza mahali panapostahili, na watoto wakasogeleana.

Urithi huo tunao, na bado tunakaa tukidai makelele. Mwongozaji Mussa Banzi, na filamu zake Nsyuka na Shumileta, alithubutu kuchota hofu ya hapahapa na kuipeleka kwenye video, na watu wakainunua. Njia ilikuwa imefunguliwa. Lakini filamu nyingi za kutisha tunazotengeneza sasa zinajibu lile neno "haitishi" kwa kuongeza: muziki hauzimiki tangu mwanzo hadi mwisho, kicheko kilekile cha jini kilichopakuliwa kwenye intaneti, moshi, macho mekundu ya kompyuta, na jini mwenyewe kasimama katikati ya sebule iliyowashwa taa zote. Mtengenezaji si mjinga. Anawasikiliza watazamaji wake, nao wamemwambia wanataka nini.

Huko Marekani ni vilevile. Kampuni ya CinemaScore huwauliza watazamaji maoni yao wanapotoka ukumbini siku za kwanza za filamu, kwa alama za A hadi F kama za darasani. The Witch ilipewa C-. Hereditary ilipewa D+. Alama hizo wenye fedha wanazisoma. Kila mara filamu yenye subira inapoadhibiwa, inayofuata inapata ugumu wa kupata fedha, au inapata fedha kwa sharti kwamba iongezwe mirusho mitano.

Na kuhusu hofu kutokuwa yetu, nenda katazame His House. Remi Weekes aliiongoza na ilitoka mwaka 2020. Bol na Rial, wanaoigizwa na Sope Dirisu na Wunmi Mosaku, ni mume na mke kutoka Sudan Kusini. Wamevuka bahari, binti amezama njiani, na serikali ya Uingereza imewapa nyumba chakavu huku kesi yao ya ukimbizi ikiendelea. Masharti hayawaruhusu kuhama. Kwa hiyo ukutani kunaposikika nyayo, wale wanaopenda kuuliza "kwa nini hawaondoki?" wanajibiwa mara moja: wakiondoka wanarudishwa walikotoka. Mume anataka kuwa kama wenyeji, ananunua nguo kama za kwenye picha ya dukani, anakula mezani kwa uma. Mke anakaa chini ale kwa mkono, kwa sababu uma unampa ladha ya chuma. Siku moja anatoka kutafuta zahanati, anapotea kati ya kuta zinazofanana, kisha anaona vijana watatu weusi na kupata matumaini. Wanamcheka na kumwambia arudi Afrika. Hakuna zimwi katika onyesho hilo, na mchana ni mweupe.

Na usiku, kilichomo ukutani si pepo wa Kiingereza. Kimekuja nao kutoka nyumbani, kinadai deni, na deni hilo ni la jambo walilolifanya ili wapate nafasi kwenye basi la kukimbia vita. Sitalitaja kwa ajili ya ambaye hajaitazama. Nitasema tu kwamba baada ya kulijua, kila sauti uliyoisikia ukutani tangu mwanzo inabadilika maana, na unalazimika kujiuliza wewe ungefanya nini kwenye foleni ile. Mtu wa maziwa makuu, ambaye katika ukoo wake hakosi aliyewahi kukimbia na watoto mgongoni, akisema filamu hiyo haimhusu, basi hajaitazama mpaka mwisho.

Kisha kuna Get Out ya Jordan Peele ya mwaka 2017, iliyompatia tuzo ya Oscar ya mswada bora. Wapenzi wa kurushwa wanaisifu hii, nami nafurahi, lakini nawauliza: ni wapi mlipoogopa kweli? Wengi hutaja palepale. Mwishoni kabisa, kijana mweusi yuko barabarani usiku, damu mwilini, mwanamke wa Kizungu kalala chini, na taa nyekundu na buluu zinaanza kumulika. Ni taa tu za gari. Katika filamu yoyote ya zamani taa hizo zingekuwa wokovu, na watazamaji wangeshusha pumzi. Hapa pumzi zilikatika, kwa kuwa kila aliyekaa ukumbini alijua polisi wa Marekani akimkuta kijana yule katika hali ile atamfanya nini. Hapakuwa na mshindo. Hofu waliiingiza watazamaji wenyewe, mwongozaji akawasha taa.

Ziko filamu za polepole zisizo na kitu. Watu wanatazama dirishani, ukungu unapita, muziki unavuma, na chini ya meza hakuna bomu wala kiberiti. Mnazikataa kwa haki, nami nazikataa pamoja nanyi. Ila anayehesabu mirusho hawezi kuzitofautisha na zile zenye kitu ndani, kwa sababu kwake zote zimepata sifuri.

Tatizo jingine ni namna tunavyotazama. Mtu anaanza filamu saa tatu usiku, taa inawaka, simu mkononi. Kila onyesho la kimya ni nafasi ya kujibu ujumbe. Penye mazungumzo anasogeza mbele kwa sekunde kumi kumi. Au hakuitazama kabisa: amemaliza kipande cha dakika tano mtandaoni ambamo mtu anasimulia kisa chote kwa kasi, kisha anatoa hukumu kwa sauti ya aliyekesha nayo. Visigino vya Irena vilikoma yeye akiwa anasoma salamu za asubuhi. Ataogopaje kitu ambacho hakukisikia kikiwepo, achilia mbali kukisikia kikitoweka?

Anayetaka kunibishia namkaribisha kwa mikono miwili, kwa sharti moja. Tafuta Cat People. Ni dakika 73 tu, fupi kuliko mechi ya mpira. Itazame usiku, taa zimezimwa, simu iko chumba kingine, bila kusogeza mbele hata mara moja. Ukimaliza, tazama His House kwa masharti hayohayo. Baada ya hapo ukiona bado neno ni "haitishi", njoo na hoja zako, tubishane mpaka asubuhi.